Wasomaji Wanne wa Dobi

Tarehe 6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa kiasi: nasimama, nalala, na pasi zinapata moto. Ile pasi kubwa ya zamani imeanza kuvuja maji, kwa hiyo mashuka ya nyumba ya wageni nayapiga kwa ile ndogo, na mgongo unalalamika. Shemeji hajambo? Na mama mdogo, nasikia amekataa miwani eti inamzeesha. Mwambie miaka ndiyo iliyomzeesha, miwani haina kosa.

Ahadi yetu ya kuandikiana naishika. Simu tuliishindwa, wewe ukinikatiza na mimi nikikata. Karatasi angalau inamwacha mtu amalize, kwa hiyo leo nitamaliza.

Nimeanzisha blogu. Usicheke. Jioni zimekuwa ndefu tangu mwaka jana na redio imenichosha. Inaitwa Madoa, na ndani yake naeleza namna ya kutoa kila doa ninalolijua: wino, kutu, chai, mafuta ya mashine, damu. Makala ni nyingi, zimepangwa vizuri, na hakuna nilipodanganya. Msomaji ni mmoja. Huyo ni mimi, ninapoingia kuangalia kama kuna msomaji.

Yako, ile Maisha ya Kupanga, ina maelfu, na wewe hata kubadilisha taa ya jikoni unamwita fundi. Sisemi kwa wivu. Labda kidogo. Nieleze kama unavyomweleza mtu wa ofisini kwenu, bila huruma ya dada: kwa nini watu wanarudi kwako, na kwangu hawaji hata mara ya kwanza?

Nauliza kwa sababu kuna jambo. Hospitali inatafuta mtu wa kusimamia mashine za kufulia. Ni chumba cha nyuma, hakuna kaunta wala mteja. Nafikiria kufunga duka niende huko. Kaunta haikuwa kazi yangu, unajua ilikuwa ya nani. Sasa mteja anaingia, ananitazama, namtazama, anaacha shati anaondoka. Siku nyingine nafunga mlango jioni sijaongea na mtu zaidi ya "njoo Jumatano". Nikasema, kama nitaweza kuongea na watu kwa kuandika, basi bado mimi ni mtu wa dukani. Nikishindwa hata hilo, chumba cha nyuma kinanitosha.

Mdogo wako,
Bwana Pasi


Tarehe 24 Februari

Bwana Pasi,

Marahaba. Barua yako imenikuta na mafua, nimeisoma huku napiga chafya, kwa hiyo samahani kwa yatakayofuata. Shemeji yako mzima, anakoroma kama kawaida. Mama mdogo alivaa miwani siku moja tu, akaona vumbi juu ya kabati, akatangaza kwamba nyumba yangu ni chafu. Tumemwacha aivue kwa amani ya wote.

Ulitaka bila huruma, haya pokea. Nimesoma blogu yako yote. Ile makala ya "Aina za Kutu na Tabia Zake" nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilisinzia. Unaandika kama maelekezo ya nyuma ya boksi la sabuni. Mwenye doa anasoma, anatoa doa lake, anakusahau. Hana sababu ya kurudi mpaka ajimwagie tena.

Mimi nilianza nikiwa nimepanga chumba chenye paa linalovuja, na mwenye nyumba anachungulia dirishani kuona wageni wangu. Nikaandika hayo hayo. Wanawake nisiowajua wakaanza kuuliza: umehama? Leo amesemaje kuhusu paa? Walirudi kwa sababu kisa hakijaisha, na kila wakirudi walinikuta yule yule, kwenye chumba kile kile, na ndoo yangu katikati ya sakafu.

Kwa hiyo chagua siku moja ya wiki na usiibadilishe. Usianze na maana ya doa, anza na jinsi lilivyoingia. Ukiharibu shati la mtu, sema uliliharibu. Mtu akikuuliza, mjibu kabla hajapoa. Na mwandikie mtu mmoja. Anayeandikia watu wote ni sawa na kipaza sauti cha stendi, kila mtu anasikia na hakuna anayegeuka.

Duka usilifunge kwanza. Kuhusu wifi yangu sina maneno leo. Likizo ikikaribia tutaona kama nitakuja.

Dada yako


Tarehe 5 Aprili

Dada,

Shikamoo tena, na pole kwa ukimya. Haukuwa ukimya wa hasira. Nilikuwa na kazi, kisha nilikuwa na furaha, na vyote viwili vinamchelewesha mtu. Pasi kubwa imepona. Jirani yangu wa duka la vioo amepata mjukuu na ananisimulia hata miayo ya mtoto.

Nina wasomaji wanne! Wa kwanza anajiita Mama wa Ghorofani. Alikuja wiki ile ile nilipoandika juu ya shati jeupe la bwana harusi lililoingia hapa na alama ya midomo kwenye kola, nami nikakaa nalo siku nzima nikijiuliza kama midomo hiyo ni ya bibi harusi. Huyu mama ana adabu sana. Kabla ya kuuliza swali lake huuliza kwanza kama nimekula. Halafu kuna Mwalimu wa Hesabu, huyo kila kitu anataka kipimo, vijiko vingapi, dakika ngapi. Kuna Konda Mstaafu, mkali, anasema madobi wote ni wezi wa vifungo. Na kuna Mpangaji wa Chumba Kidogo, mpole, anafua kwenye beseni na anaogopa kuuliza.

Wiki iliyopita Konda na Mwalimu waligombana kwenye maoni yangu. Konda alisema maji ya moto, Mwalimu akasema ya baridi, wakafikia kuambiana maneno. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akadhani nimepagawa. Nikawasuluhisha: damu maji ya baridi, mafuta ya moto, na ninyi wawili mkapumzike.

Naandika kila Alhamisi. Nikikaa kuandika namfikiria Mama wa Ghorofani, ataniuliza nini. Nimegundua nikimwandikia yeye sentensi zinakuja zenyewe. Hata mteja wa kwanza wa Ijumaa naanza kumwuliza, hili limeingiaje? Wengine husimulia. Hospitali nimewaomba wanisubiri mpaka Julai.

Mdogo wako


Tarehe 3 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera. Hapa tuko salama. Ofisi ya maji imetuhamishia ghorofa ya chini, sasa kila mwenye bili anayekasirika ananikuta mimi kwanza. Shemeji yako ameanza mazoezi ya kutembea, anatembea mpaka kwa muuza magazeti na kurudi kwa gari la rafiki yake.

Nimefurahi kwa hao wanne. Ila nakushauri usiwategemee sana. Wasomaji ni watu wa kuja na kuondoka, leo yuko, kesho mtoto anaumwa, kesho kutwa simu imeharibika. Usipime duka kwa watu wanne. Andika tu. Na ile ya shela iliyomwagiwa soda na mama mkwe mwenyewe imenichekesha kwa sauti ofisini, wenzangu wakanishangaa. Hiyo si makala ya sabuni. Hiyo imeandikwa na mdogo wangu ninayemjua mimi.

Nina haraka leo. Kula vizuri.

Dada yako


Tarehe 10 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini wenye bili wamekuachia hata nguvu ya kusoma. Mimi mzima. Mama mdogo nimemtumia shali yake, ile alama ya mafuta imetoka yote, asiniambie nimemfifishia maua, yalikuwa yamefifia tangu mimi nikiwa shule.

Sasa sikia. Nimewaalika wasomaji wangu. Nimetangaza kwenye blogu: Jumamosi tarehe 18 Julai, saa nne asubuhi, hapa hapa dukani, kila mtu aje na doa lake, tunywe chai. Nimeandika na njia ya kufika.

Siku hiyo ndiyo itakayoamua. Hospitali hawatangoji zaidi. Wageni wangu wakija, duka linabaki, nami nabaki kwenye kaunta mpaka nizeeke. Wasipokuja, Jumatatu asubuhi nafunga, natoa kibao cha mlangoni, naenda kwenye mashine. Sitanung'unika, nitakuwa nimejua ukweli.

Wewe una uzoefu na watu wa mtandaoni. Unaonaje, watakuja?

Mdogo wako


Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko wazima, mvua imegoma kuisha, na nguo zinakauka kwa maombi. Mama mdogo anasema maua yake umeyafifisha.

Kuhusu mkutano, mimi naona ungeuahirisha. Fikiria mwenyewe. Huyo Mama wa Ghorofani, jina lenyewe linaonyesha anakaa juu, pengine mguu unamsumbua, ngazi zile ataziwezaje? Konda ni mstaafu, wastaafu hawatabiriki. Mwalimu ana mitihani ya kusahihisha. Na wa Chumba Kidogo ulisema mwenyewe anaogopa hata kuuliza. Watu wa mtandaoni wanapenda mtandaoni, ndiyo maana wako huko. Kwa nini usiwaite siku hiyo kwenye maoni tu, kila mtu akiwa kwake?

Mimi ningekuja, lakini mwisho wa mwezi huu ni wa kufunga hesabu, na Julai ni kufungua nyingine. Unajua ofisi.

Usiamue maisha yako kwa Jumamosi moja, tafadhali.

Dada yako


Tarehe 1 Julai

Dada,

Shikamoo. Wote wazima, jirani na mjukuu wake pia.

Tarehe haibadiliki. Mguu wa Mama wa Ghorofani nilikuwa siujui, ahsante kwa kunijulisha. Kiti cha kukalia nimeshapata.

Mdogo wako


Tarehe 13 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Leo sina salamu ndefu. Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana, na sasa naogopa nimechelewa. Naiomba posta iwe na huruma.

Usipange viti. Hakuna atakayekuja. Mama wa Ghorofani ni mimi. Mwalimu wa Hesabu ni mimi. Konda Mstaafu, na ukali wake wote, ni mimi. Mpangaji wa Chumba Kidogo ni mimi nilivyokuwa nikiwa msichana. Nilisoma ile barua yako ya Februari, nikaona mtu anayejiandalia chumba cha nyuma akafie humo taratibu, nikaingia kwenye blogu yako nikaandika swali. Ukanijibu vizuri mno. Nikataka kuuliza tena, na jina moja likawa haba. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia mlangoni kwako Jumamosi.

Ningeweza kupiga simu. Nimeishika mara kadhaa. Nikikusikia ukinyamaza kule upande wa pili nitakufa, ndiyo sababu.

Na la ofisi ni uongo pia. Hesabu tulishafunga. Siji kwa sababu siwezi kuufungua mlango wa duka lile nikakuta wifi yangu hayupo kaunta. Alikuwa ananiita kabla sijaingia, akiona tu kivuli changu: "Wifi, umekuja mikono mitupu?" Nimemlilia huku kwangu, mbali, pasipo mtu wa kuniona. Nilikuja kumzika, nikasimama nyuma ya watu, nikaondoka asubuhi yake. Ulidhani nina haraka ya kazi. Nilikuwa nakimbia.

Kama Mama wa Ghorofani nilikuwa napata habari zako kila Alhamisi. Kama dada yako nilikuwa napata habari za pasi. Nisamehe, na usifunge duka kwa ajili ya upumbavu wangu.

Dada yako


Tarehe 21 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, Jumanne, na mkutano ulikuwa Jumamosi. Posta haina huruma.

Nilijua. Tangu wiki ya kwanza. Dada, msomaji gani wa madoa anamwuliza mwandishi kama amekula? Dunia nzima mwenye swali hilo ni mmoja, na aliniuliza hivyo kila siku nikirudi shule. Konda ndiye aliyenichukua muda, ulimtengeneza vizuri, mpaka alipomwambia Mwalimu "nyamaza wewe, wakubwa wanaongea". Hapo nikakuona umesimama mlangoni kwetu, mkono kiunoni. Ulijigombanisha mwenyewe, nami nikawasuluhisha kwa moyo wote.

Sikusema kwa sababu nilikuwa sitaki uache. Na mwaliko ulikuwa wako. Kukuomba uje nilishindwa, mwaka mzima, kila barua nilikuwa nakaribia nageuka. Kumwomba mtu ni kuomba, lakini tangazo ni tangazo tu. Nikasema atakuja akidhani ananiokoa na aibu. Wageni niliowaalika walikuwa wanne, na kiti nilichoweka kilikuwa kimoja.

Saa nne nikafungua mlango, nikawasha chai. Hukuja. Nilikasirika, sitakuficha. Nilikaa pale nikifikiri namna ya kukifungua kibao cha mlangoni bila kuharibu ukuta.

Kisha akaingia mwanamke na mumewe, wana kitambaa cha meza kwenye mfuko. Nikadhani ni wateja. Akasema, "Sisi ni wa Alhamisi." Kumbe husomeana Madoa wakikunja nguo, mmoja anasoma, mwingine anakunja. Hatujamaliza habari ya kitambaa akaingia dereva mwenye ovaroli ya grisi. Mafundi cherehani wawili wa jengo la mbele, ambao nawaona kila siku na hatujawahi kusalimiana vizuri. Mzee mmoja mwenye tai shingoni. Watu kama kumi, dada. Mimi nina kiti kimoja! Wengine walisimama, wengine nikawageuzia makapu ya nguo wakakalia.

Nikawauliza, kwa nini hamjawahi kuandika hata neno? Yule mwanamke wa kitambaa akasema, "Tuandike nini? Mama wa Ghorofani huuliza yote tunayotaka kuuliza." Kisha wote wakaanza kuangaza macho: yuko wapi? Dereva alitaka kumwona Konda, anabishana naye kichwani kila wiki. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na huu ulinishika nikiwa na birika mkononi.

Nikawaambia Konda na wenzake wamepata udhuru. Mama wa Ghorofani mguu unamsumbua. Udhuru ulikuwa wako, nimeutumia tu. Walisikitika kweli. Mzee wa tai alitaka kukaa kwenye kile kiti nikamwambia samahani, cha mwenyewe. Hakuna aliyenuna. Walikizunguka mpaka mchana, tukiongea, na nimeongea mpaka sauti ikakauka. Fundi cherehani mmoja amekuachia dawa ya kuchua, anasema uchue asubuhi na usiku.

Jumatatu nilikwenda hospitali kuwaambia siji.

Sasa na mimi bila huruma. Maisha ya Kupanga nimeacha kuisoma tangu ulipojenga. Unaandika sifa za rangi za ukuta, kwa malipo ya kampuni ya rangi. Maelfu wanapita, hakuna anayekuuliza umehama au hujahama, kwa sababu hakuna ndoo sakafuni. Mama wa Ghorofani anaandika vizuri kuliko wewe. Anataka kujua jambo.

Na la wifi yako. Mimi pia kila asubuhi nikifungua mlango ule nasikia aniite. Wewe unakimbia, mimi nimekuwa nikiingia kichwa chini mpaka kwenye pasi. Sitakudanganya kwamba imeisha. Ila Jumamosi waliposimama watu pale kaunta wakicheka, nilimkumbuka bila kutaka kuficha uso. Dukani mlikuwa mnaingia wawili mkinisema, na mmoja wenu bado yupo. Nimekuhitaji, dada. Haya, nimeomba.

Kiti bado kiko pale. Wateja wanajigonga.

Mdogo wako


Tarehe 29 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, na mama mdogo amekubali miwani, kwa sharti kwamba asiangalie kabati.

Ulichosema juu ya blogu yangu kimeniuma siku mbili, na siku ya tatu nikawaandikia watu wa rangi kwamba inatosha. Sijui nitaandika nini. Labda nitaandika kwamba nina nyumba yangu na bado jioni natafuta pa kwenda.

Nimekata tiketi. Nafika Jumatano ijayo alasiri, na Alhamisi nitakuwepo ukiandika, nikusomee makosa juu ya bega. Usinipokee stendi. Nataka kuingia dukani mwenyewe, kwa miguu yangu, nikiwa nimebeba kitu mkononi, wifi asije akaniuliza. Nitalia, nakuambia mapema, na wateja wakiwepo waendelee tu na mambo yao.

Kiti usikisogeze. Dawa ya kuchua iweke pale juu, na wasomaji waambie nimepata nafuu, ila siku mbili za mwanzo nitachechemea kidogo kwa heshima yao.

Halafu hujaniambia, siku ile ya mkutano, na watu wote wale na birika mkononi: ulikula?

Mama wa Ghorofani